Mnazi Hauzai kwa Hamu

Hotuba kwa vijana waliomaliza masomo ya sekondari na ya vyuo vya ufundi, Tononoka, Mombasa

Wazee wetu, mama zetu, walimu, na nyinyi vijana ambao ndio sababu ya sisi kukusanyika hapa: assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na kwa yeyote niliyemsahau, hamjambo. Nimeombwa nizungumze kuhusu motisha na mipango ya maisha ya miaka mingi ijayo, na waandalizi wamenipa dakika arobaini. Nitajitahidi nisizidishe, kwa kuwa najua wengi wenu mtavuka Likoni jioni hii, na feri haimngoji mtu japo sisi huingoja kila siku.

Nianze kwa kukiri jambo moja. Nilipokuwa na umri wenu niliamini kwamba watu waliofika mbali walizaliwa na moto kifuani, na kwamba kazi yangu ilikuwa kuutafuta moto huo mpaka niupate. Nilikuwa karani katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha karibu na bandari, na ukutani, juu ya meza yangu, nilibandika karatasi yenye neno moja lililoandikwa kwa wino mwekundu: UNAWEZA. Karatasi hiyo ilikaa pale miaka miwili. Jua la dirishani liliipausha, vumbi likaingia kwenye gundi, pembe zake zikajikunja, nami nilikuwa bado karani yuleyule anayegonga mihuri ileile. Siku moja mwenzangu wa meza ya pili aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, bila kejeli: "Unaweza nini, dada?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Swali lile lilinisumbua wiki nzima, na nadhani lilinifaa kuliko karatasi yenyewe. Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na maneno ya kutia moyo yasiyotaja kazi yoyote. Hamu ni mgeni anayekuja bila hodi na kuondoka bila kuaga. Ukimpata, mkaribishe, lakini usiache kupika kwa sababu hajafika. Katika maisha yangu yote sikumbuki kazi kubwa hata moja niliyoianza nikiwa na hamu ya kutosha. Mara nyingi nilianza kwa uvivu na nusu ya usingizi, na hamu ikanikuta njiani, mkono ukiwa umeshashika kalamu. Haya ninayotaka kuwaambia leo yote yametoka hapo: panga maisha yako kana kwamba siku nyingi hutakuwa na hamu, kwa sababu siku nyingi kwa kweli hutakuwa nayo.

Sisi wa Pwani tuna mwalimu mzuri wa jambo hili, naye amesimama nyuma ya karibu kila nyumba kuanzia Vanga hadi Lamu. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na hata ukianza, tangu ua lifunguke mpaka nazi ikomae hupita karibu mwaka mzima. Wazee wetu hawakuuacha mwaka huo upite bila majina. Tunda likiwa dogo kama yai la njiwa huitwa kidaka. Likijaa kidogo huitwa kitale. Likipata maji matamu ni dafu. Nyama ikianza kuwa ngumu ni koroma. Na mwisho ni nazi, ya kukunwa na kukamuliwa tui. Kila jina linakwambia unachoweza kufanya na usichoweza. Hakuna mpishi anayemlaumu kitale kwa kukosa tui, wala hakuna anayekuna dafu akalalamika kwamba mchuzi ni mwepesi. Na vidaka vingi hupukutika kabla ya wakati, jambo ambalo mwenye shamba hulijua, asikate mti.

Sasa mchukueni kijana wa miaka kumi na tisa anayesema anataka kuwa mhandisi wa meli, au mwenye duka la vipuri, au hakimu. Ana majina mawili tu: "bado" na "nimefika". Katikati ya majina hayo kuna miaka kumi isiyo na jina, na kila asubuhi ya miaka hiyo anajiona ameshindwa kwa sababu bado hajafika. Ndiyo maana nawaomba muyape majina madaraja yenu. Mwaka huu wewe ni kidaka, na kazi ya kidaka ni kushika kikonyo kisikatike, basi. Mkicheka mcheke, lakini mimi nilikuwa naandika maneno haya kwenye daftari langu kwa miaka tisa, na nitawaeleza kwa nini ilikuwa tisa.

Kabla ya hapo, kuna swali la mwenye lengo ni nani, na hapa nawaomba wazazi msinikasirikie. Marehemu baba yangu alitaka niwe muuguzi. Alikuwa na sababu nzuri: muuguzi hakosi kazi, na watu humheshimu. Mimi nilitaka uhasibu, na sababu yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilikuwa naona haya kuisema. Pale ofisini palikuwa na mhasibu mmoja mzee aliyekuja mara mbili kwa wiki. Sisi makarani tulikuwa tumetafuta kwa siku mbili kosa katika hesabu za ushuru wa makontena, na yeye alivaa miwani, akapitisha kidole chake juu ya safu ya tarakimu, akasimama mahali pamoja na kusema, "Hapa." Haikupita dakika tano. Nililitamani jicho lile. Sikutamani mshahara wake, ambao sikuujua, wala gari lake, ambalo lilikuwa bovu. Miaka ilipokuwa migumu, baada ya kuolewa na kupata watoto wawili, wazo la mshahara halikuwahi kuniamsha alfajiri hata mara moja. Kilichoniamsha ni kile kidole kilichosimama juu ya tarakimu.

Wataalamu wa saikolojia wameliangalia jambo hili kwa utaratibu wao. Mwaka 1971 Mmarekani Edward Deci alichapisha majaribio aliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu waliopewa chemshabongo ya vipande vya kuunganisha. Baadhi yao walilipwa kwa kila umbo walilofanikiwa kulijenga, wengine hawakulipwa chochote. Malipo yalipoondolewa, wale waliokuwa wamezoea kulipwa walielekea kuuacha mchezo walipopewa nafasi ya kufanya watakalo, ilhali wenzao waliendelea kucheza kama mwanzo. Deci na mwenzake Richard Ryan walikuja kueleza kwamba mtu hudumu katika jambo anapohisi kwamba amelichagua mwenyewe, kwamba uwezo wake unakua, na kwamba kuna watu anaohusiana nao katika jambo hilo. Sisemi fedha ni adui. Mimi ni mhasibu, nitasemaje hivyo? Lakini lengo linalosimama juu ya fedha peke yake, au juu ya sifa za majirani peke yake, huanguka siku fedha na sifa zinapochelewa, na kwa kawaida huchelewa.

Kwa hiyo, kijana akija kwangu akaniambia anataka kuwa rubani, simuulizi kama anapenda kuruka. Nani asiyependa? Namuuliza kama ataweza kuistahimili Jumanne ya rubani: orodha ya ukaguzi ileile kila safari, hoteli zilezile, usingizi wa saa zisizoeleweka, mitihani ya kurudiwa na vipimo vya afya visivyokwisha. Anayetaka kuwa mpishi wa hoteli kubwa huko Nyali namuuliza kuhusu vitunguu, gunia zima, saa kumi na moja alfajiri. Matunda ya kila kazi ni matamu. Tofauti iko katika Jumanne zake, na mtu akipata kazi ambayo Jumanne yake haimchoshi kuliko kawaida, huyo hahitaji karatasi ukutani.

Sasa tuje kwenye daftari. Mwaka 1996 nilinunua daftari la kurasa mia mbili pale Marikiti, nikaandika ukurasa wa kwanza kwamba nitakuwa mhasibu aliyehitimu CPA, yaani cheti cha uhasibu wa kitaalamu. Wakati huo mitihani ya CPA, inayosimamiwa na bodi ya Kasneb, ilikuwa na sehemu sita, na ilifanywa mara mbili kwa mwaka. Hesabu ilikuwa rahisi mno kwa mtu anayejidai kupenda hesabu: sehemu sita kugawanya kwa mbili ni miaka mitatu. Nikaandika 1999 kwa wino na kuizungushia duara. Nilihitimu mwaka 2005.

Mkiniuliza nilikosea wapi, nitawajibu kwamba nilihesabu mitihani nikasahau kuhesabu maisha. Sikuweka nafasi ya ujauzito, wala ya mama mkwe kuugua, wala ya kuanguka mtihani. Sehemu ya tatu ilinishinda mara mbili, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Ajabu ni kwamba kosa hili la makadirio halikuwa langu peke yangu. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake, nchini Kanada, walichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliulizwa watamaliza tasnifu zao lini. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Walipotakiwa wakadirie kama mambo yote yangekwenda mrama, walisema siku 48 hivi. Kwa kweli zilipita siku 55. Angalieni vizuri: hata walipojitahidi kuwaza mabaya, mabaya yao yalikuwa mazuri kupita ukweli.

Na sisi wa Mombasa tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Hakuna mtu wa Likoni mwenye miadi kisiwani saa tatu ambaye huondoka nyumbani saa tatu kasoro dakika kumi, ingawa ule mkono wa bahari wenyewe ni mwembamba na feri hukatiza kwa dakika chache. Anajua foleni, anajua feri moja huenda ikawa kwenye matengenezo, anajua meli kubwa huenda ikawa inaingia Kilindini na feri zikasimama kuipisha. Anaongeza muda bila kufikiri. Lakini mtu huyohuyo akipanga kujenga nyumba au kumaliza digrii, haongezi hata mwezi mmoja wa feri. Ushauri wangu, ambao haukutoka kitabuni, ni huu: ukishakadiria muda wa lengo lako, muulize mtu aliyekwisha kulifanya yeye lilimchukua muda gani, kisha andika muda wake badala ya wako. Wewe si mjanja kumzidi kama unavyodhani, na ukiwahi kabla ya tarehe hiyo hakuna atakayekushtaki.

Tarehe kubwa, hata hivyo, haimwamshi mtu. Baada ya kuanguka mara ya pili nilitambua kwamba daftari langu lilikuwa limejaa miaka lakini halikuwa na saa hata moja. Nilikuwa nimeandika "kusoma kwa bidii" katika kurasa nne tofauti, na hakuna ukurasa uliosema nitasoma lini na nikiwa nimekaa wapi.

Tulikuwa tunaishi Majengo, chumba na ukumbi, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri. Saa kumi na moja, baada ya adhana ya alfajiri, alikuwa akiteleka karai la mafuta, na mahamri ya kwanza yalipotumbukia ungesikia ule mlio, kisha harufu ya iliki na tui la nazi ikapita chini ya mlango wetu. Watoto walikuwa wamelala. Nilijiwekea sharti moja dogo: nikishaswali na nikausikia mlio wa hamri la kwanza, nafungua kitabu juu ya meza ya kulia, nasoma mpaka atakapoanza kuwaita watoto wa shule waje wanunue. Ilikuwa kama saa moja na robo. Sikujiuliza tena kama nina hamu. Karai lilikuwa limeniamulia.

Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, alikuwa amelipima jambo la aina hii. Katika utafiti wake mmoja wanafunzi walitakiwa kuandika ripoti fupi katika siku mbili za sikukuu ya Krismasi, wakati ambapo hakuna mwenye nia ya kuandika. Walioandika mapema kwamba wataifanya saa fulani na mahali fulani waliikamilisha kwa kiasi cha karibu robo tatu yao. Wasioweka saa wala mahali waliikamilisha kwa kiasi cha theluthi moja tu. Nia ya makundi yote mawili ilikuwa ileile. Na kuhusu muda wa kuzoea, watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kuanzisha tabia mpya. Wastani wa muda hadi tabia iwe ya kujiendea ulikuwa siku 66, lakini kulikuwa na waliokadiriwa siku 18 na wengine siku 254. Kwa hiyo anayekwambia utabadilika kwa siku ishirini na moja, mwombe radhi uende zako. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu, habari njema kwa watu kama mimi ambao huamka na homa.

Yule mama wa mahamri nitamrudia kidogo, kwa sababu yeye alikuwa na mpango mzuri kuliko wangu, japo sikuwahi kumwona na daftari. Kila siku, kabla hajanunua samaki, kabla hajampa mtoto nauli, alikuwa akihesabu kwanza fedha za unga, sukari na mafuta ya kesho, akazifunga katika pembe ya leso na kuzitia ndani ya kopo. Aliziita "unga wa kesho". Kilichobaki ndicho alichokiita faida, na katika faida alitoa pesa za mchezo, ule upatu wa akina mama wa mtaa. Zamu yake ya mchezo ilipofika hakununua sofa. Alinunua mawe ya kujengea, akayapanga kwenye kiwanja chao Kisauni, akarudi kwenye karai. Nilihama Majengo akiwa ameshaezeka vyumba viwili. Nimewafanyia hesabu wafanyabiashara wengi tangu wakati huo, wengine wenye maduka ya orofa mbili, na wanaojua kutenga unga wa kesho kabla ya faida ni wachache kuliko mnavyodhani.

Kwenu nyinyi ambao mtaanza na vibarua, nitasema machache kuhusu fedha, maana somo hili lina siku yake. Shilingi hamsini kwa siku ni shilingi 18,250 kwa mwaka. Ukiziweka katika Sacco iliyosajiliwa, yaani chama cha akiba na mikopo, Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo akiba hiyo ya miaka miwili inaweza kukufungulia mlango wa mkopo wa cherehani ya kiwanda. Simu mliyonayo mfukoni, ambayo tangu 2007 imetuwezesha kutumiana pesa bila benki, ndiyo hiyohiyo inayokopesha kwa dakika moja na kumaliza unga wa kesho kwa dakika mbili. Hapo nimeishia.

Nataka kukaa zaidi kwenye mfano ulio kilomita chache kutoka hapa, Haller Park ya Bamburi, ambao wengi wenu mmeuona kwenye safari za shule mkidhani ni bustani ya wanyama tu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na saruji yake ilitokana na mawe ya matumbawe yaliyochimbwa palepale. Machimbo yalipoishiwa mawe, lilibaki jangwa jeupe: mwamba uliochomwa na jua, chini yake maji yenye chumvi, na udongo hakuna kabisa. Mwaka 1971, mwaka uleule wa Deci na vipande vyake, mtaalamu wa Kiswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, René Haller, alianza kupanda miti juu ya mwamba huo. Alijaribu aina 26. Ziliishi aina tatu.

Ningependa mkae na tarakimu hizo kidogo. Aina ishirini na tatu zilikufa. Mtu mwenye karatasi ukutani angesema ameshindwa kwa asilimia themanini na kitu. Haller alizitazama zile aina tatu zilizobaki, na miongoni mwao mvinje ndio uliostawi, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, nao huvumilia chumvi. Akapanda mivinje kwa maelfu. Kisha likaja tatizo ambalo mpango wowote wa 1971 usingelijua: majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka yakalala juu ya mwamba bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Jibu likawa jongoo. Jongoo wakubwa wenye miguu myekundu, wale ambao watoto huwagusa kwa kijiti ili wajikunje, walionekana wakila majani hayo, na kinyesi chao kikawa mboji. Wakakusanywa kutoka vichakani na kuachiliwa machimboni. Udongo ukaanza kujengeka kidogokidogo, mimea mingine ikaota yenyewe, ndege wakaja, yakachimbwa mabwawa ya samaki, wakaletwa wanyama, na mwaka 1984 wananchi wakafunguliwa lango. Nyinyi mnakumbuka zaidi hadithi ya Owen, yule kiboko yatima aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee. Mimi nikienda hutafuta jongoo.

Nawaeleza haya kwa sababu vijana wengi huniuliza wanawezaje kupanga miaka ishirini ilhali hawajui mwaka ujao utakuwaje. Haller hakujua kuhusu jongoo. Alijua anataka kuuona mwamba ule ukiwa kijani, na alijua miti ya kujaribu mwaka huo. Vitu viwili. Lengo la mbali likawa thabiti na hatua ya karibu ikawa dhahiri, na vya katikati aliviacha vijitokeze. Mtu anayeandika kila mwezi wa miaka yake kumi huwa anajidanganya, na mimi ndiye ninayejua, kwa kuwa ninalo daftari la kuthibitisha.

Kuna wakati, hata hivyo, hatua ya karibu yenyewe huvunjika. Mwaka 2001 ile kampuni niliyokuwa karani ilifunga mlango tukiwa tunaidai mishahara ya miezi mitatu, ambayo hatukuipata mpaka leo. Ada ya mtihani ilikuwa ndani ya mishahara hiyo. Nilikaa mwaka mzima bila kufanya mtihani wowote, na siwezi kuwapamba kwa kusema nilibaki na ari, nilikaa tu. Aliyenitoa hapo ni ami yangu mmoja aliyekuwa baharia wa majahazi. Aliniuliza, "Mwanangu, kusi likivuma kwa nguvu chombo hufanywaje?" Nikamjibu kwamba huvutwa pwani. "Kikishavutwa?" Nikanyamaza. Akaanza kunieleza, kama ambaye hanisemi mimi, jinsi walivyokuwa wakikalafati nyufa kwa pamba, wakipaka mbao za juu sifa, yaani mafuta ya papa, na kutia chini deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, wakishona matanga, wakingoja upepo ugeuke. Chombo kisichofanyiwa hivyo wakati wa kusi, alisema, kaskazi ikija hukikuta kinavuja. Mwaka ule sikuwa na ada, lakini nilikuwa na vitabu na nilikuwa na alfajiri, na sehemu ya tano niliisoma yote nikiwa nimevutwa pwani.

Kwa wale ambao matokeo yenu ya mtihani hayakuwa mazuri, na najua mko humu kwa sababu mmekaa viti vya nyuma, nitamtaja mtu mmoja wa mji huu. Profesa Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Sheikh Al-Amin, Kadhi Mkuu wa Kenya, na baba alifariki mwaka 1947 mtoto akiwa na miaka kumi na minne. Mtihani wa sekondari alioufanya mwaka 1949 ulimpa matokeo hafifu, na Makerere haikumchukua. Akawa karani katika MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo, baada ya kubadilika majina na daraja, ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Akiwa hapo alitoa hotuba ya Maulidi, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo gavana wa kikoloni wa Kenya, Philip Mitchell, ambaye alivutiwa, na njia ya masomo ya Uingereza ikafunguka. Akapata shahada Manchester, 1960, Columbia, 1961, Oxford, 1966. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 akawa profesa palepale Makerere. Alifariki Marekani mwaka 2014 akarudishwa kuzikwa katika makaburi ya jamaa zake, karibu na Ngome ya Yesu.

Hadithi hii husimuliwa vibaya. Watu huisikia wakakumbuka gavana, wakaanza kungoja gavana wao. Mimi nikiisikia hujiuliza kuhusu miaka ile ya ukarani, ambayo hakuna anayeisimulia: kijana aliyekataliwa na chuo, anapanga mafaili mchana, na bado alikuwa na maneno ya kutosha kusimama mbele ya watu na kusema jambo la kusikilizwa. Alisoma saa ngapi? Alikaa wapi? Yeye hatunaye tena tukamuulize, lakini nina hakika kulikuwa na meza, na kulikuwa na saa yake.

Wasimamizi wananionyesha saa, nami nilikwisha ahidi. Mlipoingia kila mmoja alipewa kadi, na wengi mmeitumia kama kipepeo, sikulaumuni kwa joto hili. Upande mmoja andikeni lengo la mbali kwa sentensi moja tu, na jina la daraja mliloko sasa, kidaka au kitale. Upande wa pili andikeni siku ya wiki, saa, mahali, na kitu kitakachowaashiria kuanza: adhana, kengele ya shule ya jirani, matatu ya kwanza kupiga honi, chochote ambacho hakikungoji wewe uwe na hamu. Usiandike "kusoma kwa bidii". Ukurasa huo ninao tayari, nne. Kalamu ziko mezani karibu na mlango. Mimi nitakaa hapa mbele mpaka adhana ya magharibi kwa mwenye swali, na mwenye kutaka kuliona daftari, nimekuja nalo.